Hatua Saba za Baba

Mwanangu Tate alivunjika kidole gumba cha mkono wa kulia katikati ya nusu fainali, na hakumwambia mtu hadi tuliposhinda. Nilimgundua mimi, alipokuwa akihangaika kufungua chupa ya soda kwa meno. Kidole kilikuwa kimevimba na kugeuka rangi ya bilinganya. Nikamfokea mbele ya wenzake, kisha nikamtia garini kumpeleka hospitali, na maili sitini zote sikunyamaza.

"Mama, tumeingia fainali," akasema.

"Wameingia wenye vidole."

Akacheka, mshenzi yule, huku machozi ya maumivu yakimtoka.

Tarbush ni mji wa watu mia tatu. Pamba iko pande zote, na katikati kuna kiwanda cha kuichambua, ambako mimi nimekaa kwenye mizani miaka ishirini na mbili nikipima malori yanayoingia. Shule yetu haina wavulana wa kutosha, kwa hiyo mpira wetu wa Kimarekani, ule wa umbo la yai, tunaucheza watu sita kila upande, si kumi na mmoja kama wanavyocheza miji mikubwa. Tate ndiye mrushaji. Yeye huinama juu ya mpira na kuurusha nyuma, kati ya miguu yake. Timu ikishafunga hupewa mkwaju, na hapo ndipo kazi yake inapokuwa ngumu. Mwenzake anapiga goti yadi saba nyuma yake, anaudaka mpira na kuusimamisha chini, na mpigaji anaupiga upite kati ya milingoti. Kwetu sisi wa sita-sita mkwaju huo ni pointi mbili, na mbili zinatosha kukuliza maisha yako yote.

Nasema hivyo kwa sababu nawajua waliolia. Mwaka 1983 Tarbush ilifika fainali kwa mara ya kwanza. Zikiwa zimebaki sekunde nne tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mkwaju ulikuwa wetu. Mrushaji alikuwa kaka yangu Royce. Mpira ukapita juu ya kichwa cha mdakaji na kubingirika hadi kwenye uzio. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na hadi leo nakumbuka namna uwanja ulivyokaa kimya. Tangu siku ile mtu akiangusha sahani Tarbush, wanasema amefanya kama Hutto. Sisi ndio akina Hutto. Baba yake Tate anatoka kaunti nyingine na ana jina lake, lakini kwa mji huu mwanangu ni Hutto tu, apende asipende.

Royce aliondoka miezi sita baada ya mchezo ule. Sasa ni dereva wa lori la maziwa huko mjini Amarillo, na amerudi hapa mara mbili tu, kumzika mama na kumzika baba. Kila Jumapili tunaongea kwenye simu. Ananiuliza habari za mvua, za pamba, za magoti yangu. Habari za mpira hajawahi kuuliza.

Kocha Luján nilisoma naye darasa moja, kwa hiyo hanitishi. Nilimfuata ofisini kwake asubuhi ya Jumatatu, siku tisa kabla ya fainali.

"Daktari amemruhusu kucheza mkono ukiwa kwenye plasta," nikamwambia.

"Kucheza, sawa. Kurusha je, Nelda? Atarusha kwa pua?"

"Kwa kushoto."

Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Nina kijana mwingine, Kade."

"Kade anarusha kama anayefukuza kuku."

"Lakini ana vidole kumi." Akavaa kofia tena. "Basi sikiliza. Wiki hii sitaki kumwona uwanjani, apumzike. Jumatatu ijayo nampa mipira kumi. Saba ikifika salama mikononi mwa mdakaji wetu Chuy, Jumatano anarusha yeye. Isipofika, anakaa benchi na hatutabishana. Na wewe pia hutabisha."

"Mimi? Lini nimewahi kubisha?"

Mgahawani kwa Bibi Oleta habari zilikuwa zimenitangulia. Wazee walikuwa wamejaa pale na vikombe vyao vya kahawa, na Bibi Oleta hakungoja hata nikae.

"Hutto tena, Nelda? Mungu atuhurumie. Tena Hutto mwenye kidole kimoja! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa."

"Basi atatumia cha kwake cha kushoto na changu, Bibi Oleta. Na tukikosa chawa tutakuja kutafuta hapa kwako."

Wazee wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika, nikaondoka bila kuagiza mayai yangu. Niliapa garini kwamba mwanangu atarusha mpira ule hata kama nitalazimika kumshika kiuno.

Kupumzika uwanjani si kupumzika ghalani. Nyuma ya nyumba tunalo ghala la mbegu za pamba alilolijenga baba, refu, lisilopenywa na upepo, na wiki ile upepo ulikuwa wa kung'oa mabati. Ndani yake kuna nguzo mbili ambazo watoto wote wa Hutto wanazijua. Baba alizipima mwenyewe ili Royce apate mahali pa kujifunzia theluji ikianguka. Alisimama kwenye nguzo ya kwanza, akatembea hatua saba, akasimika ya pili. Kisha akachoma namba saba kwenye nguzo hiyo kwa chuma cha moto, kile cha kutia ng'ombe alama. Huku kwetu hatua ya mkulima ni yadi moja. Ndivyo tunavyopima mashamba, ndivyo tunavyopima uzio, na hakuna anayeuliza.

Tate akainama kwenye nguzo ya kwanza, plasta imefungwa kifuani kwa kitambaa. Mimi nikapiga goti kwenye ile yenye saba. Mpira wa kwanza kwa mkono wa kushoto haukufika hata nusu ya njia. Wa pili ulimgonga kisigino.

"Tena," nikasema.

Tulifanya hivyo alfajiri kabla ya shule na alasiri nikitoka kwenye mizani. Mipira mia asubuhi, mia jioni. Siku ya pili alitapika kwa uchovu, akafuta mdomo, akainama tena. Siku ya tatu mipira ilianza kufika, lakini chini, ikinigonga magotini, na magoti yangu hayana subira.

"Mama, ni mbali mno."

"Mjomba wako alirusha hapahapa."

"Ndiyo, na tunajua ilivyomwishia."

Nilimtupia mpira usoni. Aliudaka kwa kushoto, na sote wawili tukashangaa.

Siku ya tano akapata siri yake. Akaacha kutumia bega peke yake, akaanza kusukuma na mgongo mzima. Mpira ukaja ukizunguka sawasawa, ukanipiga viganjani kwa kishindo. Kufika Jumapili alikuwa anarusha tisa kati ya kumi, na viganja vyangu vilikuwa vyekundu kama nyama ya kiwele. Jumapili hiyo Royce alipopiga simu nilimwambia tu kwamba mvua hakuna.

Jumatatu saa tisa na nusu alasiri nusu ya mji ilikuwa imeegemea uzio wa uwanja. Nani aliwaambia sijui, ila Bibi Oleta alikuwa amefunga mgahawa. Upepo ulikuwa umetulia. Kocha Luján akamweka Chuy Barrera, yule mdakaji, apige goti kwenye mstari mweupe, yadi saba kamili nyuma ya Tate.

Mpira wa kwanza ukapita juu ya kichwa cha Chuy.

Uzio mzima ukavuta pumzi. Wa pili ukapita juu vilevile. Wa tatu Chuy aliruka, ukamgusa ncha za vidole na kwenda zake. Nikasikia sauti ya mzee mmoja nyuma yangu, "Hutto ni Hutto." Sikugeuka. Kama ningegeuka, leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

"Imebaki saba," Kocha akasema. "Zote saba, Tate."

Mwanangu alikuwa mweupe usoni. Alinitazama, na nilijua anawaza nini. Alikuwa anawaza kwamba kuna kitu kwenye damu yetu.

Lakini mimi hukaa kwenye mizani. Mizani mbovu hukosea leo juu, kesho chini. Mizani inayokosea upande uleule kila siku si mbovu, imewekwa vibaya tu. Mipira mitatu ile ilipita mahali pamoja, urefu mmoja, imenyooka kama uzi. Mkono wa mtoto haukuwa na kosa. Nikamtazama Chuy, nikatazama umbali, na ukaonekana mfupi. Siku nane nilikuwa nimepiga goti kwenye umbali ule. Magoti yangu yaliujua.

Nikapanda uzio.

"Nelda," Kocha akasema, "mzazi haingii uwanjani."

"Nifukuze baadaye. Chuy, rudi nyuma yadi moja."

"Bi Nelda, mimi namsikiliza Kocha," Chuy akasema kwa adabu zote.

"Hapo alipo ni saba kamili," Kocha akasema. "Mistari ile nimeipima mwenyewe kwa kamba ya chuma. Mistari haidanganyi."

"Najua haidanganyi. Ndiyo maana nataka arudi."

Kocha akautazama mstari, akanitazama mimi. Kisha akamwashiria Chuy kwa kidole. Chuy akarudi yadi moja, akapiga goti.

Tate akainama. Mpira wa nne ukatua kifuani mwa Chuy kwa kishindo nilichokijua. Wa tano, vivyo hivyo. Wa sita. Wa saba. Kwenye uzio hakuna aliyekohoa. Wa nane ulikwenda chini kidogo, Chuy akauokota inchi chache juu ya nyasi. Wa tisa. Wa kumi ulimrudisha Chuy kwenye visigino kwa nguvu yake.

"Mama yangu," Chuy akasema akipuliza viganja. "Huyu anarusha mawe!"

Kocha alikuwa anatembea kati ya Tate na Chuy, akihesabu kimoyomoyo. "Yadi nane, na mpira unafika upesi kuliko ule wa zamani wa saba," akasema. "Wakija kuuzuia mkwaju wana yadi moja zaidi ya kukimbia." Akamgonga Tate begani. "Jumatano tunapigia nane. Nelda, sasa toka uwanjani kwangu."

Nilitoka. Watu walinipongeza, Bibi Oleta alinishika mkono, nami sikusikia walichosema. Niliendesha gari hadi nyumbani, nikachukua futi ya chuma ya fundi, nikaingia ghalani. Kazi yangu ni kupima, na nguzo zile sikuwahi kuzipima hata siku moja, kwa sababu baba aliandika saba. Nikaifunga ncha kwenye nguzo ya kwanza, nikavuta hadi ya pili.

Nikakaa chini kwenye mbegu. Kisha nikampigia Royce, na haikuwa Jumapili.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Kaka, wiki ile ya fainali yenu, mlifanyia wapi mazoezi?"

Katika miaka arobaini sikuwahi kuuliza.

"Kulikuwa na theluji," akasema polepole. "Uwanja ulifungwa. Nilikuwa ghalani na baba, wiki nzima. Kwa nini?"

"Na siku ya mchezo, mikwaju ya mwanzo?"

"Yote ilikuwa juu. Mdakaji wetu aliidaka akiwa amejinyoosha. Walisema ni woga. Nelda, unataka nini?"

"Kati ya zile nguzo ni yadi nane."

Nilisikia injini ya lori lake ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Pima tena," akasema.

Nikapima tena, simu begani. "Futi ishirini na nne na inchi mbili. Ni nane na zaidi. Baba alihesabu hatua zake, Kaka. Miguu ile! Mlango wa kanisa alikuwa akiinama kuingia."

Nikamsikia akivuta pumzi kwa kwikwi, mtu mzima wa miaka hamsini na minane.

"Nilijua mikono yangu ilitetemeka," akasema. "Miaka yote hii. Nilijua."

"Haikutetemeka. Ulirusha ulivyofundishwa."

Basi la timu lilipangwa kuondoka Jumanne saa mbili asubuhi, na mji mzima nyuma yake. Saa moja na nusu nilikuwa natia blanketi garini niliposikia breki za lori kubwa uani. Lilikuwa lori la maziwa. Royce akashuka, mzito, mvi tupu, akanipita bila salamu, akaenda ghalani. Nikamfuata. Mpira wa Tate ulikuwa sakafuni.

Alisimama kwenye nguzo ya kwanza. Akauweka mpira chini, akainama huku magoti yakilia kama bawaba kuukuu.

"Nenda kapige goti," akasema. "Pale paliposemwa ni saba."

Nikapiga goti. Akarusha. Mpira ukaja ukizunguka, umenyooka, ukanipiga katikati ya viganja vyangu vilivyochubuka.

Akabaki ameinama, ananitazama kati ya miguu yake, kichwa chini.

"Umefika?" akauliza.

"Umefika, Kaka."

Nje, basi likapiga honi.