Siku Isla Alipotoka Ukumbini

Mlinda mlango wa roshani ya wageni bungeni alitusimamisha juu ya ngazi, akatusomea masharti. Hakuna kupiga makofi, hakuna kushangilia, hakuna kunyoosha mabango. "Na tafadhali sana, kimya," alimalizia.

Nikageuka kuwatazama watu niliokuja nao. Karibu wote walikuwa viziwi.

"Baba wee," nikamwambia, "hawa hawatakusumbua. Wa kuchungwa hapa ni mimi."

Mwanangu Rowan aliniuliza kwa mikono yule mtu kasema nini. Nilipomweleza alicheka hadi akashika ukuta, kisha akawaeleza wenzake, na cheko likapita ngazi nzima bila sauti. Mlinda mlango alitutazama kama tumepanga njama.

Rowan alizaliwa hasikii. Mikono yake ndiyo mdomo wake, na akianza kumsengenya bosi wake wa kwenye kitalu cha miche, anaongea kunishinda mimi, nami si haba. Ila ana ugonjwa mwingine, wa akili, unaokuja na kuondoka. Ukimjia huanza na picha. Anazigeuza picha zote za sebuleni zitazame ukuta, kwa sababu anaona zinamsema.

Mara ya mwisho ulipomjia nilimpeleka hospitali, nikamwacha na wauguzi, nikarudi nyumbani mbio kumchukulia nguo. Hakukuwa na mkalimani. Alipojaribu kujieleza, mikono ikienda kasi kwa hofu, wao wakadhani anataka kupiga watu. Wakamfunga mikono kitandani, yote miwili. Niliporudi na begi lake nilimkuta ananitazama tu. Hadi leo nikikumbuka yale macho, chochote nilicho nacho mkononi nakiweka chini.

Alipotoka aliniambia, "Nikiugua tena, usinipeleke kule. Niache nife hapa hapa."

Nilijua ugonjwa utarudi, na nilijua pale nyumbani peke yangu sitamuweza.

Ndipo akaja Isla Kerrison. Alikuwa mbunge wetu wa upinzani, mwanamke mrefu mwenye nywele zisizosikia kitana, na alikuja kuomba kura katika kantini ya shule ninakopika. Nikampa pai ya samaki na, juu yake, maneno makali kuhusu ile hospitali. Wanasiasa wengine wangechukua pai wakayakimbia maneno. Isla alikaa mpaka tulipoanza kuosha masufuria, akavua koti, akaosha na yeye. Wiki iliyofuata alikuja nyumbani kumsikiliza Rowan mwenyewe, akiwa na mkalimani. Baadaye akaanza kujifunza lugha ya ishara. Rowan alisema anaongea kama mtu aliyevaa glavu za bustani, lakini alimpenda siku ile ile.

Alizunguka wodi za kisiwa chote. Alikaa kwenye kamati akisikiliza watu wakilia, naye akilia, halafu akipenga kamasi na kuuliza swali linalofuata. Mwisho, katika muswada wa afya ya akili, akapenyeza kifungu cha tisa: katika wodi za akili, mtu anayeongea kwa mikono asifungwe mikono, na mkalimani apatikane saa yoyote, awepo mwenyewe au kwenye skrini. Serikali ikasema ni gharama. Kwa hesabu ya Isla, pande mbili zilikuwa sawa kwa sawa, na kura zikilingana, spika huiacha sheria kama ilivyokuwa. Maana yake tungeshindwa.

Alikuwa na tumaini moja tu, Athol Haddow, mkulima wa matufaha, mbunge wa serikali lakini mwenye kichwa kigumu kwa watu wote, hata wa kwao. Kura ilipangwa Alhamisi. Isla alitegemea kumlainisha kabla ya hapo.

Sisi tulikuja Jumanne, kusikiliza mjadala tu. Asubuhi tulikunywa chai ofisini kwake. Simu ikalia, na alipoiweka chini uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mke wa Pascoe ameanguka, wamemkimbiza hospitali," alisema. "Pascoe anaondoka. Ameomba mwenzi wa kura, nami nimekubali."

Hiyo ni desturi ya bunge letu. Mbunge wa upande mmoja akipata dharura, mmoja wa upande wa pili naye hukaa nje ya kura, ili mtu asifaidi msiba wa mwenzake. Haiko katika sheria yoyote. Ni neno la mtu tu.

"Pascoe si anatupinga?" nikauliza.

"Tena anatupinga kwa nguvu zote."

"Na wewe unamwonea huruma!"

"Mkewe ameanguka, Merle. Halafu kura yetu ni Alhamisi. Kunywa chai."

Baada ya chakula cha mchana mambo yakageuka. Kulikuwa na mjadala wa misitu uliotakiwa kula siku nzima. Ukaisha ghafla, wasemaji wakiwa wamechoka, na serikali ikakileta mbele kifungu cha tisa. Kura ingepigwa leo hii.

Nikapiga hesabu. Pascoe hayupo. Isla akipiga kura, tunashinda kwa kura moja. Akikaa nje, tunalingana, na kulingana ni kushindwa. Nikajituliza kwamba atapiga tu. Nani mwenye akili angekaa nje ya kura ya muswada wake mwenyewe kwa ajili ya Pascoe?

Isla alisimama akaongea. Hakutaja jina la Rowan, alisema tu habari ya mtu aliyefungwa mdomo na watu waliotaka kumsaidia. Alipomaliza, Haddow aliinuka, mkono mmoja mfukoni.

"Hospitali ndogo za bondeni kwangu," alisema, "zitapata wapi mkalimani? Zikikosa, si mtazifunga wodi zao?"

"Hakuna wodi itakayofungwa," Isla akajibu. "Nilikwambia, nakwambia tena. Nakupa neno langu."

"Neno la mwanasiasa!" Haddow akasema, na ukumbi mzima ukacheka, wa serikali na wa upinzani.

Kengele za kura zikalia. Zikinyamaza, milango hufungwa, wanaokubali hukaa upande mmoja na wanaokataa upande wa pili. Isla alikusanya karatasi zake. Jirani yake alimshika mkono akamnong'oneza jambo, naye akatikisa kichwa. Akainua macho kwenye roshani, akatutazama. Kisha akaenda mlangoni, akatoka.

Rowan akanigeukia. "Anaenda wapi?"

"Anatoka. Alimwahidi yule aliyeondoka."

"Hata sisi alituahidi," Rowan akasema.

Nilipandwa na hasira, nikasimama. "Isla! Rudi ndani!"

Sauti yangu ilizunguka ukumbi ule kama sahani iliyoanguka. Wabunge wote wakatazama juu. Mlinda mlango akaja akanigusa bega.

"Mama, nilikuomba."

"Na mimi nilikuonya," nikamwambia, nikakaa, nikaficha uso. Niliona sebule yangu na picha zilizogeuzwa, na mimi mlangoni nisijue niende wapi. Nilimchukia Isla wakati ule, na lazima niliseme hilo, kwa kuwa baada yake nimemshukuru kila siku.

Rowan akanipiga kiwiko. Nikatazama chini.

Milango ilikuwa imeshafungwa na watu walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake, isipokuwa Haddow. Alikuwa amesimama katikati, akiutazama mlango aliotokea Isla. Akajikuna shingo. Kisha akavuka ukumbi, polepole, kama mtu anayepita shambani akikagua miti.

"Athol!" mmoja wa wenzake akaita. "Umepotea njia, mzee!"

"Njia naijua," akajibu, akakaa kwenye kiti cha Isla.

Spika akasoma matokeo. Kifungu kimepita.

Roshani ikabaki kimya. Mimi nilikuwa na kelele imenijaa kifua kizima na nimekatazwa kuitoa. Ndipo Rowan akainuka, akanyanyua mikono yote miwili juu ya kichwa, vidole vimetanuka, akaipunga. Hivyo ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Wa pili akainuka, na wa tatu, mpaka roshani yote ikawa mikono, nami nikiwa na yangu humo humo, machozi yakinitiririka na kamasi juu yake. Chini kule wabunge walitazama juu, vinywa wazi.

Mlinda mlango alitutazama, akaitazama karatasi yake ya masharti.

"Hilo halimo," akasema, akaikunja akaitia mfukoni.

Isla tulimkuta kwenye korido, kikombe cha chai kimempoa mkononi, macho mekundu. Hakujua kitu.

"Nisamehe, Merle," akaanza.

"Nyamaza. Nilikuandalia matusi ya kukutosha hadi Krismasi, sasa sina pa kuyapeleka."

Rowan akanisukuma kando na kumweleza mwenyewe, taratibu, kwa ishara za kitoto ili asikose hata moja. Isla akaketi chini pale pale kwenye zulia la bunge, na kikombe chake.

Haddow akapita akiwa amevaa kofia tayari. "Unakaa sakafuni sasa?"

"Kwa nini umevuka, Athol?"

"Pascoe ni rafiki yangu. Ungeweza kumzunguka akiwa kando ya kitanda cha mkewe, tena ukashinda. Umetoka." Akaishusha kofia. "Basi na lile la wodi za bondeni nimekuamini. Ila ukinidanganya, Kerrison, utanitambua."

"Njoo tuzikague pamoja."

"Nitakuja. Uje na maandazi."

Walikwenda kweli. Zile wodi zipo hadi leo.

Majira ya baridi nilirudi kutoka kantini jioni moja nikakuta picha zote zimegeukia ukutani, hata ya mbwa. Nikamtafuta chumbani, bustanini, kwenye banda. Alikuwa jikoni, amekaa, amevaa koti na viatu vimefungwa kamba. Mikono ilikuwa inamtetemeka hadi nikashindwa kumsoma, ikabidi arudie.

"Wataniachia mikono?"

"Watakuachia. Ni sheria sasa."

Akainuka. "Basi twende," akasema.

Ilikuwa wodi ile ile. Muuguzi hakumshika. Alimpa kiti, akavuta skrini yenye magurudumu hadi mbele yake, akarudi nyuma. Kwenye skrini akatokea mwanamke mwenye blauzi nyeusi. Akainua mikono, akamuuliza jina lake, na anaogopa nini.

Rowan akamjibu. Akaendelea kumjibu, mikono ikienda mbio, na hakuna aliyeigusa. Mimi nilisimama mlangoni na begi la nguo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na la kuongeza.