Mkono wa Kushoto

Mtaala wa taifa ulisema kwamba mtoto wa darasa la tatu, kufikia katikati ya muhula wa pili, atasoma habari fupi kwa ufasaha na kujibu maswali. Ulisema vizuri, kwenye karatasi nyororo yenye nembo. Haukusema mwalimu afanyeje na mtoto ambaye "ba" na "da" bado zinampiga chenga. Hilo waliachiwa wenye chaki.

Mwalimu wa darasa la tatu alianza mwaka kwa moyo mweupe. Nusu ya darasa lake haikujua kusoma, basi akarudi nyuma kwenye silabi, akawaimbisha, akawakatia herufi za maboksi wazishike mkononi. Mkuu wa shule akapita dirishani, akasikia "ma, me, mi", akamwita ofisini.

"Mwalimu, azimio lako la kazi linasema wiki hii uko wapi?"

"Kwenye habari ya mbuzi na kisima, mzee. Lakini watoto..."

"Sijauliza watoto. Mkaguzi haji kukagua watoto, anakuja kukagua umefika ukurasa gani." Akacheka peke yake. "Akikukuta kwenye silabi, anakuhamisha. Kuna shule kule mwisho wa barabara inatafuta mwalimu tangu mwaka juzi. Nyumba ya mwalimu ipo, paa ndilo halipo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu mwenyewe ndiye mimi."

Mwalimu alikuwa na nyumba ya shule, vyumba viwili na bomba la maji mlangoni, na humo alikuwa akimlea binti wa marehemu dada yake. Aliitaka nyumba ile kuliko alivyowataka watoto wa watu wajue kusoma. Herufi za maboksi zikaingia kabatini, darasa likaruka hadi kwa mbuzi, na aliyebaki nyuma akabaki.

Shuleni hapo palikuwa na mbinu ya zamani. Kila mwalimu mgeni alifundishwa mbinu hiyo kabla hajaonyeshwa choo kilipo. Mkaguzi akiuliza swali, darasa zima linanyoosha mikono. Anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, mkaguzi anaona msitu wa mikono, na kila mtu anarudi kwake na furaha. Wiki nzima darasa la tatu lilifanya mazoezi hayo kuliko lilivyosoma.

"Na wewe, Kobe," Mwalimu alimwambia binti wa dada yake mbele ya wote, "kushoto. Siku zote kushoto. Usije ukanitia aibu."

"Ndiyo, Mama mdo... ndiyo, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu akacheka nalo. Jina la Kobe alilitunga yeye mwenyewe jikoni, kwa sababu mtoto alikuwa mzito wa kula, mzito wa kuoga, mzito wa kujibu. Darasani lilifika siku hiyohiyo na halikutoka tena.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini Mwalimu hakuwa na nafasi ya wahenga. Hakujua kwamba Kobe, ambaye ndiye aliyefagia darasa jioni, alizitoa zile herufi kabatini akazificha chini ya godoro lake. Alikuwa akizipanga peke yake, anazivuruga, anazipanga tena. Mpaka juma lile alikuwa ameshamaliza habari yote ya mbuzi na kisima, na furaha yake ilikuwa kubwa hata akawa anakosa usingizi. Alikuwa akimngoja mkaguzi. Alitaka mama yake mdogo asikie mbele za watu.

Mkaguzi akaja, mzee mpole mwenye miwani. Mambo yakaenda kama maji. Akaulizwa wa kulia akajibu, akaulizwa mwingine akajibu, na Mkuu aliyesimama mlangoni akawa anatikisa kichwa kwa raha.

"Sasa nani atanisomea aya ya mwisho?" mkaguzi akauliza.

Mikono ikapanda. Nyuma kabisa, karibu na dirisha, Kobe alinyoosha wa kulia.

Mwalimu akamkazia macho. Mkono haukushuka. Akaona paa lisilokuwapo, akaona ndoo na magodoro yake juu ya gari la mizigo. Hivi ndivyo anavyonilipa, aliwaza.

"Yule mdogo wa nyuma," mkaguzi akasema kabla Mwalimu hajachagua. "Simama, mama, tusomee."

Kobe akasimama na kitabu chake. "Mbu..." akaanza, taratibu kama kawaida yake.

"Samahani, mheshimiwa," Mwalimu akaingilia, akagusa kichwa chake mwenyewe kwa kidole, sauti ikiwa tamu. "Huyo hayuko sawa. Amezaliwa hivyo. Tunakaa naye tu, maana mtaala unasema mtoto yeyote asiachwe nyuma."

Mkaguzi akavua miwani kwa huruma. "Kaa, mama, kaa," alisema kwa upole ule wanaoutumia watu kwa wagonjwa. Kobe akakaa. Akasoma mwingine. Ripoti ikamsifu Mwalimu kwa kufuata mtaala, na zaidi kwa moyo wake kwa watoto wenye ulemavu.

Mkuu akawanunulia walimu soda. Mwalimu akabeba chupa moja kumpelekea Kobe nyumbani, maana ushindi humfanya mtu mkarimu. Alipofika mlangoni akasikia sauti chumbani.

"Mbuzi akaona maji yako mbali. Akasema, nitangoja mvua."

Sauti ilikwenda polepole na haikukosea hata neno moja. Mwalimu akasukuma mlango. Juu ya godoro herufi zake za maboksi zilikuwa zimepangwa mistari, kingo zimechakaa kwa kushikwa. Aibu ilimpanda, akakaa sakafuni na chupa yake mkononi.

"Mwanangu," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo. "Soma tena. Soma nikusikie."

Kobe alifunga kitabu. Akasimama wima, kama walivyofundishwa kusimama mbele ya mgeni, akanyoosha mkono wa kushoto.