Reli ya Stoo ya Mahindi

Mzee Adolfu aliendesha treni miaka ishirini na tisa, Mbeya kwenda Zambia, Zambia kurudi Mbeya. Alipostaafu alirudi kwake Katandala, mjini Sumbawanga, ambako reli haijafika mpaka leo. Basi akaapa kwamba kama reli haiji, yeye ataileta, hata iwe ya kukimbia juu ya meza. Kichwa cha treni alikitengeneza kwa kopo la maziwa na mota ya redio kaseti mbovu. Reli akaikunja kwa waya. Kilichobaki ni chumba, na chumba kilichofaa kilikuwa kimoja tu, stoo.

Stoo nayo ilikuwa na mwenyewe.

"Baba Edith," mkewe Silvana alimwambia, "mahindi yangu ya shamba la Kasense hayalali nje kwa ajili ya kopo."

"Hayatalala nje. Treni itapita juu, magunia yatasimama chini."

Mzee hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikwenda dukani, akapima gunia lililojaa likiwa limesimama, akaongeza kiganja kizima, akakata miguu ya meza. Wiki tatu alipiga misumari huku akipiga mluzi. Njia yote aliichora nyuma ya kalenda: inaanzia Mbeya mlangoni, inaishia Zambia ukutani.

Mavuno yakaja. Vijana wa trekta waliposhusha gunia la kwanza, mzee alilisimamisha kando ya meza. Lilikuwa lumbesa, limeshindiliwa na kuongezwa kichwa cha kushonewa kamba, refu kuliko meza yake kwa mkono mzima.

"Tangu lini unafunga lumbesa?"

"Tangu Edith ananyonya. Stoo ndogo, nilipunguza idadi ya magunia." Silvana hakupandisha sauti. "Ungekuwepo ungejua."

Yalimchoma, maana yalikuwa kweli. Lakini kushindwa hakukuwa kwenye damu yake. Siku hiyohiyo alitafuta matofali, akainua meza mguu mmoja baada ya mwingine, jasho likimtiririka, mpaka lumbesa zote kumi na nne zikaingia. Reli sasa ilikuwa usawa wa macho ya Silvana. Akaifuata kwa kidole, toka mlangoni hadi ukutani.

"Ikifika hapa?"

"Imefika Zambia."

"Na kurudi?"

"Naigeuza kwa mkono. Treni ya kweli haizunguki duara, mama Edith. Hiyo ni michezo ya watoto."

"Mimi sijui treni ya kweli," alisema Silvana. "Ninayoijua ni ile ya kuondoka. Ukitaka stoo yangu, irudi yenyewe."

Mzee alibisha siku mbili nzima, akataja mabehewa, akataja kanuni za kazi. Siku ya tatu alichukua koleo akaing'oa Zambia yote. Akaikunja reli ikapita kona ya giza ya ndani, juu ya magunia, ikatokea upande wa dirisha, na mwisho wake, kando ya mlango, akaandika kwa chaki: KATANDALA.

Jumapili baada ya misa aliwasha mota. Treni ilikwenda, ikapotea gizani juu ya vichwa vya lumbesa, na kwa muda wote huo Silvana alisimama ameshika gunia. Ikatokea dirishani, ikaja, ikasimama mbele yake.

"Umechelewa," aliiambia ile treni. Kisha akamgeukia dereva. "Haya, njoo ule."