Vali Iliyopigwa Lakiri

Anayekaza nati ya mwisho ndiye mwenye injini mpaka injini irudi salama. Hiyo ndiyo sheria ya uwanja wa mafundi ulio nyuma ya maduka ya Gerezani, na hakuna aliyepata kuiona imeandikwa. Mashine moja yaweza kupita mikononi mwa mafundi kumi, lakini ikiharibika lawama haigawanywi mafungu kumi. Huulizwa mkono wa mwisho ulikuwa wa nani, na mwenye mkono huo hulipa. Bushiri mwenyewe aliwahi kulipa giaboksi ya basi kwa muda wa miezi minane, na katika miezi hiyo nyumbani kwake Buguruni haikupikwa nyama. Hakunung'unika. Siku alipomaliza aliwanunulia chai watu wote wa uwanjani, akarudi chini ya gari.

Kwa hiyo Alhamisi ile, saa mbili asubuhi, aliposhika vali mpya ya lori la Bi Kuruthumu na kuitia mdomoni, hakuwa akifanya mzaha. Alipuliza. Mashavu yakamjaa, mishipa ya shingo ikamtoka, pumzi isipite. Akaigeuza upande wa pili, akapuliza tena. Haikupita.

"Mzee, unapuliza puto?" akauliza Nassibu, dereva wa lori, aliyekuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akinywa chai. "Bado keki tu hapo."

"Njoo upulize wewe mwenye mapafu ya miaka thelathini."

Nassibu akapuliza, akakohoa, akafuta midomo kwa kiganja. "Aisee! Imeziba."

"Haikuziba. Kilichoziba husafishwa. Hii imekufa."

Lori lile lilikuwa la zama ambazo injini iliachwa itoe moshi wa tumboni mwake kwa bomba tupu lililoning'inia chini, likidondosha oili barabarani kokote liendako. Kazi ya vali ya pumzi ni kuuchukua moshi huo na kuurudisha kwenye njia ya hewa ili uungue, barabara ibaki safi. Ni kitu chema, na Bushiri hakuwa na ugomvi nacho. Lakini vali isiyofunguka ni sawa na kumziba mtu pua na mdomo, kisha ukamwamuru akimbie. Moshi hujaa, ukakosa pa kutokea, ukaisukuma sili, ule mpira wa mviringo unaozuia oili mbele ya injini. Sili ikichomoka oili yote humwagika, na injini isiyo na oili hufa kwa dakika chache.

Bi Kuruthumu alikuwa amesimama kando, buibui lake amelikunja kiunoni lisiguse grisi. Alikuwa mjane, na lori lile ndilo urithi wote alioachiwa yeye na wanawe watatu. Siku nne zilizopita lilisimamishwa kwenye kona ya Msimbazi, likapewa karatasi: lifungwe vali, vali inunuliwe kwenye duka lenye kibali, ikaguliwe na kupigwa lakiri kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi. La sivyo lingevutwa hadi yadi. Na huko yadini kila siku ina tozo yake, mpaka tozo zilipite lori kwa bei. Katika maandishi maduka yenye kibali yalikuwa mengi. Mtaani lilikuwa moja.

"Nilipe mara ya pili?" akauliza. "Mzee Bushiri, hata hiyo ya kwanza nimeuza kabati."

"Hulipi. Nairudisha."

Akaenda nayo kwa miguu hadi dukani. Kijana wa kaunta hakuitazama vali. Alitazama risiti, akaweka kidole chini kabisa, palipoandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

"Puliza," akasema Bushiri.

"Mzee wangu, mimi nauza. Sipulizi."

Aliporudi alifungua mtoto wa meza yake na kutoa vali nyingine, aliyoitoa zamani kwenye injini iliyokatwa chuma chakavu. Aliipuliza: upande mmoja pumzi ikapita laini, upande wa pili ikakataa, kama ipasavyo. Ilikuwa nyeusi kwa umri, lakini nzima. Kasoro yake ni kwamba haikuwa na namba ya kibali ubavuni.

"Weka hiyo, mzee, tusepe," akasema Nassibu. "Nani ataangalia?"

Jibu liliingia uwanjani saa tatu na nusu, na nyuma yake gari la kuvutia magari mabovu. Ismail, afisa wa ukaguzi, alikuwa mtoto wa uwanja ule. Marehemu baba yake alichomelea vyuma pale pale karibu na lango kwa miaka ishirini, na Ismail alijifunza kusoma kwa kutamka namba za spana.

"Shikamoo, Mzee Bushiri."

"Marahaba, Ismail. Hujambo?"

"Sijambo. Nina magari kumi na moja leo, mzee. Vali iko wapi?"

Bushiri akampa ile mpya. Ismail akaisoma namba, akailinganisha na risiti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Safi. Funga nipige lakiri."

"Ipulize kwanza."

"Nini?"

"Itie mdomoni upulize. Sisi wawili tumepuliza, haipitishi hewa. Lori hili linakwenda Morogoro na marobota ya khanga. Kwa vali hii halitafika Kimara."

Mafundi wawili watatu waliokuwa karibu wakasimamisha nyundo zao. Ismail akaitazama vali, kisha akatazama shati lake jeupe.

"Mzee, fomu yangu ina visanduku vitatu. Namba, risiti, lakiri. Cha kupuliza hakimo." Akainua mkono kumwita dereva wa gari la kuvuta. "Kama hufungi, sema, wenzio wafunge mnyororo."

"Yailahi!" akasema Bi Kuruthumu. "Fungeni tu, jamani. Fungeni!"

Bushiri akafunga. Aliunganisha bomba la chini, akaunganisha la juu, akabana vibanio, akaweka nati tatu na kukaza mbili. Ya tatu akaiacha imelegea. Akaifuta spana namba kumi na nne kwa kitambaa, akamnyooshea Ismail.

"Kaza hiyo moja."

Hapakuwa na mtu pale asiyejua maana yake. Ismail aliijua kuliko wengi. Baba yake alikufa akiwa bado analipia fremu ya trela. Tabasamu likamtoka usoni.

"Usinifanyie hivyo, mzee. Mimi nashika kalamu."

"Basi kalamu haina nati ya mwisho?"

"Nipe mimi," akasema Bi Kuruthumu, mkono wake umekwisha kuishika spana. "Lori langu, nakaza mwenyewe. Likifa, nimeliua mimi."

Bushiri akaivuta spana kwa upole kutoka mkononi mwake. Angeweza kumwachia. Sheria ingemlinda, wala hapana ambaye angemsema hadharani. Lakini aliona aibu ya kumwachia mjane mzigo ambao mwenye cheo ameukwepa. Akainama, akaikaza nati mwenyewe, robo mzunguko, na robo nyingine. Ismail akapitisha waya mwembamba kwenye tundu la vali, akaubana kwa kipande cha risasi chenye muhuri, akafunga na kadi ndogo ya manjano. Akaondoka bila kuaga, na gari la kuvuta likamfuata tupu.

"Washa," akasema Bushiri.

Nassibu akawasha. Dakika ya kwanza injini iliunguruma vizuri. Dakika ya tatu kijiti cha kupimia oili kikaanza kupanda chenyewe kutoka kwenye tundu lake, taratibu, kama kinasukumwa na kidole kutoka ndani. Bushiri akakirudisha. Kikapanda tena, safari hii na povu la oili.

"Zima!"

Bi Kuruthumu aliona, wala hakuhitaji kuelezwa. Hata hivyo alisema, "Liende hivyo hivyo. Tajiri wa marobota anasubiri mwisho saa kumi. Asipoliona anachukua lori la mwingine, na mwingine hataachia tena. Pengine Mungu atalifikisha."

"Mama, litazima mlimani nikiwa na tani saba mgongoni," akasema Nassibu, na safari hii hakuwa na utani.

Bushiri alikuwa akiisoma kadi ya manjano. Alifundishwa shuleni, kwa fimbo, kwamba karatasi husomwa mpaka mwisho, naye alisoma. Kwa herufi kubwa iliandikwa kwamba atakayekata lakiri bila afisa atalipa faini ya shilingi laki tatu. Kwa herufi ndogo, kwamba risiti ya faini itaruhusu gari kutembea siku saba likisubiri lakiri mpya. Akasoma tena, atafute mahali palipoelezwa vali mbovu ipelekwe wapi. Hapakuwapo. Wakubwa walikuwa wameweka njia ya kulipia kosa. Njia ya kulisahihisha hawakuiweka.

Akachukua koleo, akakata waya.

"Mzee Bushiri!" Bi Kuruthumu akajishika kichwa. "Umeniua! Laki tatu nitoe wapi?"

"Nati ya mwisho nimekaza mimi. Injini ni yangu mpaka irudi."

Akaifungua vali ya kibali, akaweka ile nyeusi, akakaza nati mbili. Ya tatu akaiacha. Kisha akaitia spana namba kumi na nne mfukoni, akabeba begani sanduku la spana zilizobaki na kutoka langoni.

Bwana Mansukhlal wa Mchafukoge ndiye aliyemuuzia seti ile ya spana miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa alizipanga tena juu ya kaunta, kubwa hadi ndogo, asiulize kwa nini zinauzwa, maana mwaka huu alikuwa amekwisha kununua masanduku ya mafundi sita.

"Kumi na nne haimo, Bushiri."

"Iko kazini."

"Seti yenye pengo mteja hataki. Bei itapungua."

"Najua."

Fedha hazikutimia. Akajazia na kodi ya chumba aliyokuwa nayo kwenye soksi, akaenda ofisi ya ukaguzi, akafika saa nane na dakika kumi. Karani, binti aliyeitwa Leticia, alimwamkia kwa adabu, akapokea fedha, akabonyeza mashine yake.

"Jina la mwenye gari, baba?"

"Lori ni la Bi Kuruthumu. Lakini lakiri nimekata mimi. Andika Bushiri, fundi."

Leticia akajaribu. Akajaribu mara ya pili. "Mfumo haukubali fundi. Unakubali mwenye gari tu."

"Yeye hakukata."

"Najua, baba. Haukubali."

"Basi andika sababu. Vali ya kibali haikupitisha hewa."

"Sababu zipo mbili tu hapa. Uzembe, au makusudi." Akamtazama, kidole juu ya kibonyezo. "Niweke ipi?"

Mtu aliyekuwa nyuma ya Bushiri akasonya.

"Makusudi," akasema.

Risiti ikatoka na jina la mjane na neno lile chini yake. Leticia akaigeuza, akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika nyuma kwa mkono: Imelipwa na fundi Bushiri. "Hii haina nguvu yoyote, baba," akasema kwa sauti ya chini. "Nimeandika tu."

Alipofika uwanjani ilikuwa saa tisa kasorobo. Akampa Bi Kuruthumu risiti, na kabla hajaisoma akainama juu ya injini na kuikaza nati ya tatu kwa spana ile moja iliyobaki. Nassibu akawasha. Wakangoja dakika kumi. Kijiti cha oili hakikujongea.

"Nenda," akasema.

"Na baada ya siku saba?" akauliza Bi Kuruthumu.

"Utanunua vali nyingine kwenye duka lile lile."

Lori likatoka. Bushiri akaiokota vali ya kibali, na waya wake uliokatwa ungali ukining'inia, akaipigilia msumari kwenye nguzo ya lango, kwa usawa wa mdomo wa mtu mzima, mahali ambapo Ismail angepita Alhamisi ijayo. Kisha akakaa juu ya tairi, spana mkononi, akangoja kazi ya namba kumi na nne.