Vigingi Vinne vya Bondeni

Mbwa mwitu yule, jike, alikuwa amelala ubavu juu ya lami mpya, chuchu zake bado zimejaa maziwa. Kila lori lilipopita, upepo wake uliyatikisa masikio yake mapana, kana kwamba yangali yakisikiliza.

"Huyu wa sita tangu Idi," alisema Yunusi, askari wa wanyamapori. "Wanavuka hapa hapa, kutoka msituni kwenda mbugani. Nilikuonyesha, mzee Severini."

Severini alivua kofia. "Ulinionyesha."

Mwaka uliotangulia, barabara ilipokuwa ikijengwa, kazi yake ilikuwa kupigilia vigingi. Vinne vyekundu vilikuwa vya matuta, naye alivipigilia bondeni, pale Yunusi alipomwonyesha. Jioni ile shemeji yake Cecilia, aliyekuwa ameshuka na kabichi kutoka milimani Uluguru, alimcheka.

"Yaani madereva wapunguze mwendo kwa ajili ya mbwa, sisi watupite kama miti? Shemeji, hao mbwa wananunua kabichi?"

Serikali ilikuwa imeruhusu biashara huria. Malori ya watu binafsi yaliongezeka kila wiki, na kabichi za akina mama zilikuwa zikioza kwenye matenga. Severini aliving'oa vigingi, akavipigilia mbele ya genge lao. Hakuna aliyekagua. Matuta yalipokamilika, akina mama walimpigia vigelegele, na Jumapili alipiga magoti kanisani kushukuru.

Sasa Yunusi alimpa karatasi. "Ofisini wanasema matuta yamejengwa palipokuwa na vigingi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuonyesha vibaya. Nitahamishwa. Na matuta yatabaki kule kule. Andika mahali nilipokuonyesha, mzee wangu."

Zamani angeweka dole gumba na kumwachia mwingine maneno. Lakini alikuwa na miezi minane katika darasa la jioni la watu wazima. Alianza Baba Yetu kimoyomoyo. Ikamkwama penye "utusamehe makosa yetu". Akaiweka karatasi gotini, akaandika polepole: *Mimi Severini niliving'oa.*

Yunusi alisoma, akaikunja karatasi. "Na matuta yakihamishwa, akina Cecilia je?"

Severini aliishika miguu ya nyuma ya yule jike, Yunusi akashika ya mbele, wakamtoa barabarani. Kule gengeni lori lilipunguza mwendo kwenye matuta, sauti za akina mama zikapanda zikiita wateja. Kisha likabadilisha gia, likaanza kushuka kwa kasi kuja bondeni.