Kadi ya Chanjo Getini kwa Bi Sitara

Jumatatu tangazo lilibandikwa kwenye geti la stoo ya Bi Sitara, kule Mchikichini: asiye na kadi ya chanjo ya korona asiingie kubeba mzigo. Kufika Alhamisi wabebaji wote walikuwa na kadi, kasoro Tarsis. Akawa amesimama nje, mikono mfukoni, anamtazama mwenzake Khalfani mle ndani akipinda mgongo ili atwishwe belo la mitumba.

Kazi ya belo si ya mtu mmoja. Mmoja hupinda, mwingine humtwisha, na anayetwisha husubiri mpaka aliyepinda aseme yuko tayari. Miaka yote aliyemsubiri Khalfani ni Tarsis. Leo alikuwa Mudi, mtu wa haraka.

"Serikali yenyewe imesema hiari," Tarsis alipaza sauti.

"Serikali haina stoo," Bi Sitara alijibu kitini pake bila kugeuka. "Mimi nimezika mume kwa ugonjwa huu. Hapa kwangu hakuna hiari."

"Mngoni mzima anakimbia sindano," Khalfani alitania, bado kapinda. "Babu zako wapiganaji wakusikie."

"Nyamaza wewe Mzaramo. Wewe hata mbu unamwomba radhi."

Watu wakacheka, na katikati ya kicheko Mudi akalisukuma belo kabla ya wakati. Khalfani akaenda goti chini, mzigo umemlalia shingoni. Tarsis alijikuta ameshaingia, amelikumbatia lile belo na kulitupa pembeni.

Khalfani akainuka, anajipapasa shingo. Mzima. Bi Sitara naye alikuwa amesimama.

"Umeingia bila kadi."

"Nimeingia. Natoka."

"Subiri. Una nini na chanjo, Tarsis? Niambie lililoko moyoni, siyo mambo ya redioni."

Tangu Jumatatu hakuna aliyemuuliza hivyo. Tarsis akatazama chini.

"Khalfani alipochanjwa alishinda kitandani na homa. Yeye mkewe anauza maandazi. Mimi nikilala, kwangu hakupikwi."

"Si ungesema."

"Ulibandika karatasi, mama. Karatasi ningeiambia nini?"

Bi Sitara akaweka sawa mtandio wake. "Atakayelala na homa ya chanjo, siku hiyo namlipa kama kabeba. Wote, na waliokwishachanjwa pia."

Wabebaji wakaguna kwa kuridhika. Tarsis peke yake hakuchangamka. Sababu aliyoishikilia ilikuwa imemponyoka, na nyuma yake ikabaki nyingine, ndogo, ya aibu, ambayo hakuwahi kuitazama usoni. Alikuwa anaogopa. Hata hakujua anaogopa nini hasa, sindano yenyewe au yale maneno ya vijiweni.

Akamsogelea Khalfani, akamwambia chinichini, "Utanisindikiza?"

Khalfani alikuwa na utani tele mdomoni, ilionekana wazi. Akaumeza wote.

"Twende," akasema. "Nitakushika ule mkono mwingine."