Dereva wa Basi la Nyotani

Fausta alikuwa na sentensi moja aliyoiegemea maisha yake yote, na Jumamosi ile asubuhi binti yake alimwambia kwamba haipo.

"Mama, nimeitazama mara tatu," alisema Tumaini, kompyuta ikiwa mezani katikati ya vikombe vya chai. "Nahodha hasemi kitu. Anatazama dirishani tu."

Tumaini alikuwa ameitafuta mtandaoni ili amfurahishe mama yake, maana alikua akiisikia habari yake: tamthilia ya zamani ya watu wanaosafiri angani, iliyofika Tunduma, mjini mpakani, mwaka themanini na sita kwa kanda alizoletewa Mzee Enoka na ndugu zake wa Zambia. Enoka alikuwa na banda la video karibu na soko. Alisimama pembeni ya televisheni na fimbo yake, akatafsiri. Na kwa kuwa wengi wetu hatukuwahi kuona meli, chombo kile kikawa basi, nahodha akawa dereva, na msaidizi wake, maskini, akawa konda. Watu walielewa vizuri sana.

Fausta alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake alikuwa Mchina aliyekuja kujenga reli; reli ilipokwisha akaondoka, akamwachia binti macho yake na nywele zake. Watoto walimwita Mchina, wakubwa wakasikia na kucheka. Wakubwa wazima! Bandani hakuna aliyekubali kubanana naye kwenye benchi. Alikaa chini, juu ya gunia, mbele kabisa. Wiki ile alikuwa ameshafungasha nguo zake mbili, akikusudia kuvuka mpaka aende popote asikojulikana.

Ndipo ikaja sehemu ya mganga wa kike mwenye ngozi ya buluu. Aliwatibu wasafiri wote wakapona, halafu hao hao wakakataa kula naye meza moja. Dereva akawageukia. Enoka akapaza sauti: "Basi hili ni la wote! Asiyetaka kukaa na huyu, ashuke!"

"Ashukie wapi, angani?" mtu akadakia, na banda zima likaangua kicheko. Lakini mama mmoja muuza maandazi alijisogeza, akapigapiga benchi. "Njoo ukae, mwanangu."

Fausta akakaa. Nguo zikarudi sandukuni. Alisoma, akawa muuguzi, na kwa miaka karibu thelathini pale hospitali ya Vwawa, kila mgonjwa alipomnyanyapaa mwenzake wa kitanda cha jirani, Fausta alimtolea sentensi ile ile, pamoja na basi lake.

Sasa aliitazama mwenyewe. Siku hizi Kiingereza kilikuwa hakimpigi chenga. Mganga amesimama na sahani yake mkononi, nahodha anawatazama wenzake, kisha anawapa mgongo, anatazama dirishani. Muziki. Basi.

Alijiona kadanganywa, utu uzima ule. Akaitia kompyuta mkobani, akanunua kilo mbili za sukari, maana hasira si ruhusa ya kwenda kwa mzee mikono mitupu, akapanda gari la kwenda kijiji cha Ruanda. Enoka aliishi huko kwa mwanawe, katikati ya mibuni, na macho yake yalikuwa yameshapoteza nuru. Alimkuta nje, kwenye benchi.

"Shikamoo, Mzee. Ni Fausta wa Tunduma."

"Marahaba. Fausta wa benchi la mbele!"

"Wa chini, Mzee. Nilikaa chini."

Mzee akainamisha kichwa. "Kweli. Chini."

Fausta akamweleza alichokiona. Enoka hakuzunguka.

"Dereva alinyamaza," alisema. "Kanda niliitazama kwanza peke yangu, kama desturi yangu, nijiandae. Nikamkasirikia. Basi lake, abiria wake, anashindwaje kusema? Kisha nikakukumbuka wewe, kwenye gunia langu, ndani ya banda langu. Miezi mingapi nilikuona nikanyamaza? Niliona haya, mwanangu. Na kuwaambia watu kwa kinywa changu nikaogopa, wasije wakanisusia. Nikamtwika dereva maneno."

Machozi yalimtoka Fausta bila kuaga. "Mzee, nilikuwa nimefungasha. Kesho yake ningevuka. Asante. Asante sana."

"Sikujua." Mzee alitikisa kichwa. "Miaka yote hii nimejiona mwoga tu, niliyejificha nyuma ya televisheni."

"Mwoga huyo ndiye aliyenilea."

Mzee akauliza kama ameileta tamthilia ile, na Fausta akaifungua kompyuta juu ya kigoda. Enoka akatega sikio na kuanza kutafsiri, konda akiwamo, kwa sauti iliyokwaruza lakini isiyopotea njia. Wakafika kwenye sahani. Nahodha akanyamaza, muziki ukaingia, na mzee akamgeuzia Fausta uso.

Fausta akainuka, akasimama pembeni ya kompyuta, mahali pa mtafsiri.

"Basi hili ni la wote!" alisema kwa nguvu. "Asiyetaka kukaa na huyu, ashuke!"

"Ashukie wapi, angani?" akadakia Enoka, akicheka na kulia. Akajisogeza pembeni, akapigapiga benchi kwa kiganja. "Njoo ukae, mwanangu."